Unaenda pabu London kuona roki ya gereji na berleski? Jipange hivi kabla

Kabla hata hujalipia tiketi jua kwanza unaenda kuona nini, manake watu wetu wengi wakisikia berleski, yaani shoo ya jukwaani ya kunengua, vichekesho na kuvua nguo kwa ufundi, wanawaza klabu ya kuvua nguo, wakisikia roki wanawaza uwanja wa mpira uliojaa watu, na usiku huu sio hiki wala kile. Mara nyingi ni chumba cha nyuma cha pabu (baa ya Kiingereza) au ghorofa ya juu, watu wamebanana, steji imeinuka kidogo tu, bendi inapiga nusu saa hivi inashuka, anapanda mnenguaji mmoja kwa wimbo mmoja au miwili, MC anapiga stori na kuchekesha huku nyuma wanabadilisha dramu, halafu bendi nyingine inapanda. Wewe na msanii mnaonana usoni kabisa. Huo ukaribu ndio utamu wenyewe wa hizi shoo na ndio sababu ya karibu kila ninachokushauri hapa.

Anza na masikio, na hapa sitanii. Roki ya gereji ni muziki wa makelele kwa asili yake, ulianza Marekani miaka ya 60 kwa vijana wadogo waliokuwa wanafanyia mazoezi gereji za nyumbani kwao, gitaa za bei rahisi, koodi tatu, wimbo dakika mbili na nusu umeisha, muimbaji anapiga ukelele kuliko kuimba, na bendi kama Sonics wa Tacoma kule jimbo la Washington ndio walioweka kiwango cha uchafu wa sauti ambacho wengine wanakifukuzia mpaka leo. Ukipata nafasi simama upande wa mpiga gitaa uangalie mguu wake, pale chini kuna kisanduku kidogo cha chuma chenye swichi, vya aina hiyo viliingia sokoni 1962, akikikanyaga tu gitaa linachanika sauti linakuwa kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na hapo mpiga dramu hajaanza kuchapa. Sasa sauti hiyo ndani ya chumba kidogo chenye dari fupi haina pa kwenda zaidi ya kichwani kwako. Sheria ya Uingereza ya kelele kazini inataka mfanyakazi avae kinga ya masikio kelele zikifika wastani wa desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa siku ya kazi ya saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda wa kuvumilia unakatwa nusu, kwahiyo piga hesabu, kwenye desibeli 100 ile dozi ya siku nzima unaimaliza kwa dakika 15, na chumba kama hiki kufika 100 ni jambo la kawaida. Nunua vizibo vya masikio mapema, vile vya sponji vinauzwa famasi kwa bei ndogo sana, na kama una mpango wa kwenda mara kwa mara nunua vile vya wanamuziki ambavyo vinapunguza sauti bila kuifanya isikike kama uko chini ya maji. Vivae kabla bendi haijaanza, usingoje mpaka masikio yalie, na usisimame mbele ya spika hata kama ndio pamebaki wazi, ujue pamebaki wazi kwa sababu.

Berleski nayo ina ukoo mrefu. London ya karne ya 19 ilikuwa ni maigizo ya kejeli, nyimbo na vichekesho, mwigizaji Lydia Thompson akaipeleka New York na kundi lake mwaka 1868, huko ndiko baadae mambo ya kuvua yakaja kushika nafasi kubwa, ikafifia, halafu kuanzia miaka ya 90 wasanii, wengi wao wanawake, wakaifufua kwa mikono yao wenyewe. Wengi wanashona nguo zao, wanachagua wimbo wao, wanabuni kisa chao. Nguo zitavuliwa ndio, nisikufiche, kwa kawaida mwisho anabaki na chupi na vibandiko vya kufunika chuchu vyenye vishada vinavyozungushwa, na wapo pia wanaume wanaofanya. Lakini ukikaa unaangalia mwisho tu umekosa shoo nzima. Angalia glavu. Glavu ndefu inayofika juu ya kiwiko, mnenguaji anailegeza kidole kimoja kimoja kwa meno, anasimama, anakutazama kama anakuuliza aendelee au asiendelee, ukumbi wote unapiga kelele, ndio anaivuta polepole mpaka itoke, na hapo ni mkono tu umevuliwa! Kiukweli mimi naona kuliteka pabu zima lililokunywa kwa kutumia glavu moja ni ufundi mkubwa sawa na wa mpiga gitaa yeyote.

Kwahiyo ongea na unayeenda naye kabla. Kama ni mkeo au mumeo mwambie wazi kuna nini, asije akagundua akiwa ameshakaa. Kama imani yako au moyo wako hautulii na mambo hayo, zipo siku nyingi za bendi peke yake bila berleski, nenda siku hizo na hutakuwa umekosa kitu, kuliko kwenda ukae umeinamisha kichwa mbele ya msanii anayekuona. Watoto usiwaze kabisa, shoo za namna hii ni miaka 18 kwenda juu, na hata ukiwa mtu mzima beba kitambulisho kwasababu baa nyingi za huku zina utaratibu wa kumuuliza kila anayeonekana chini ya 25 na sisi ngozi zetu zinadanganya umri. Pasipoti au leseni ya udereva ya Uingereza inakubalika, picha ya kitambulisho iliyo kwenye simu baunsa anaweza kuikataa na hana ubaya.

Sasa la tabia, na hapa nawaomba ndugu zangu mnisikilize vizuri maana sisi tumekulia kwenye kutuza. Kwenye taarabu au dansi mwimbaji akikukuna unanyanyuka na noti unaenda kumtuza mbele za watu na ni heshima kwake. Huku usifanye hivyo. Usimfuate mnenguaji na hela, usimchomeke noti popote, usimguse, usipande steji hata kama umefurahi kiasi gani, hapo utakuwa umemvunjia heshima na baunsa atakutoa. Kama kuna ndoo ya kuchangia wasanii MC atatangaza na itapitishwa, tia humo. Na akikuomba yeye umshikie glavu au umsaidie kamba ya koseti (vazi la kubana kiuno), msaidie hicho alichoomba basi, na kama hutaki kuchezewa kaa viti vya nyuma, mstari wa mbele ndio unaoombwa.

Lakini kelele, toa zote ulizonazo. Berleski inaendeshwa na shangwe, ukumbi ukikaa kimya kama msibani mnenguaji anapata shida sana, kwahiyo dada zangu vigelegele vile vya harusini kwetu vileteni, havina wa kushindana navyo. Shangilia ufundi, usitoe maneno ya mwili wa mtu, unene wake au rangi yake.

Simu iweke mfukoni wakati wa berleski. Bendi mara nyingi hawana shida ukipiga picha mbili tatu, ila mnenguaji ana kazi yake ya mchana, ana familia, na pengine anatumia jina la steji makusudi, video yako ya sekunde kumi ikiingia kwenye grupu la WhatsApp hairudi tena. Sikiliza MC anasemaje mwanzoni, akisema hakuna kurekodi basi hakuna, na hata asiposema muulize mhusika.

Angalia tena tarehe na muda siku yenyewe. Kwa Uingereza na Wales sheria ya 2009 inazipa halmashauri uwezo wa kudai leseni maalum kwa ukumbi wa burudani za kingono, na sehemu isiyo na leseni hiyo inaruhusiwa kufanya shoo za namna hiyo zisizozidi 11 ndani ya miezi 12 na zipishane angalau mwezi, na kama berleski inaingia kwenye kundi hilo au haiingii halmashauri inaangalia shoo yenyewe. Ndio maana hizi shoo usizichukulie kama muziki wa kila wiki, na tangazo linaweza kubadilika. Tiketi ikisema milango 19:30 ni saa moja na nusu usiku, na huku muda ni muda, pabu nyingi muziki unazimwa kwenye saa tano, ukijifanya unaingia saa tano kama Dar utakuta wanakunja waya.

Mavazi hayana sharti, wengine huja na jaketi la ngozi wengine na gauni la miaka ya 50 na midomo myekundu, ila ndani kuna joto kali hata kama nje ni baridi ya Januari, vaa nguo unayoweza kupunguza na viatu vilivyofunika vidole maana vitakanyagwa. Kula kabla, jiko la pabu linaweza kuwa limefungwa. Painti moja ni mililita 568, sio chupa ya kwetu, nenda nayo taratibu, na maji ya bomba ukiomba kaunta sheria inawataka wakupe bure. Ukienda na Waingereza wananunua kwa raundi, ukinywea ya mwenzako na wewe zamu yako inakuja, kama huna bajeti sema mapema kwamba unajinunulia mwenyewe. Mtu akikusumbua au usalama wako haukai sawa nenda kaunta ukamuulizie Angela, hilo ni jina la siri la kuomba msaada, ni utaratibu ulioanzia Lincolnshire 2016 na baa nyingi wanaujua, watakusaidia kutoka kimyakimya.

Usafiri wa kurudi upange kabla hujanywa. Ijumaa na Jumamosi treni za chini zinakesha tangu 2016 lakini ni baadhi ya laini tu, Victoria na Jubilee, halafu sehemu za Central, Northern na Piccadilly, siku nyingine utategemea treni ya mwisho au basi la usiku. Kama shoo iko Boston Arms pale Tufnell Park, ambako Dirty Water Club, usiku wa roki ya gereji, ilianza 1996 na bendi ya Marekani White Stripes wakapiga 2001, wewe uko kwenye Northern inayokesha. Na acha chenji kidogo ya meza ya bendi, ukinunua santuri yao ya inchi 7 mkononi mwao wanapata zaidi kuliko ukiwasikiliza mtandaoni mwaka mzima, ila njoo na begi bapa la kuibebea, kwenye basi la usiku lililojaa huwezi kuishika mkononi ikafika nyumbani haijapinda.