Unahamia Lamu? Njoo kwanza uutazame mji, na uje siku za bamvua

Mwezi wa pili mwaka huu mpwa wangu alipata kazi Mokowe, bandari ya bara inayokabili kisiwa cha Lamu. Akanipigia simu kutoka Malindi: "Mjomba, nitafutie nyumba hapo Lamu, nikutumie pesa." Nikamwambia pesa akae nazo, apande basi aje mwenyewe. Miye nilihama Malindi kuja hapa kufanya ufundi wa friji, na nyumba yangu ya kwanza niliitazama kwa siku mbili tu, mwezi wa nane, nikalipa kodi ya miezi sita papo hapo. Yaliyonipata nitayaeleza kwenye hatua ya 4. Haya ndiyo tuliyoyafanya na mpwa wangu, kwa mpango.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuuangalia mwezi

Njoo mwishoni mwa mwezi wa pili, au mwezi wa tatu kabla ya masika. Kaskazi inaelekea ukingoni, joto limejaa vichochoroni, visima vimeshuka. Ukija Agosti, kusi inavuma, nyumba zote ni baridi na visima vimeshiba mvua ya Mei. Hata nyumba mbovu itakupendeza. Wapo watakaokwambia uje Mei uone paa linavuja wapi. Sina ugomvi nao, lakini mvua huacha alama. Tazama boriti zilizopiga weusi, na ukiona pembe moja tu ya chumba imepakwa chokaa mpya, uliza kwa nini. Kisima kinachoingia chumvi mwezi wa pili hakikuonyeshi alama yoyote mwezi wa nane.

Ukishapata mwezi wa kalenda, tafuta bamvua: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hapa kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi hivi alasiri. Siku za maji mafu bahari imetulia tu, haikuonyeshi kitu.

Usije Mfungo Sita wakati wa Maulidi kwa kazi hii. Njoo kwa Maulidi yenyewe, ni jambo zuri sana, lakini mji unafurika wageni, vyumba hupanda bei, na mwenye nyumba unayemtaka yuko msikiti wa Riyadha.

Hatua ya 2: Vitu vya kubeba

Tepu ya kupimia ya mita 5, kipande cha sabuni ya mche, daftari na kalamu. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi juu ya basi, maana vizuizi vya polisi vipo njiani. Daftari liwe la karatasi. Mpwa wangu aliandika vipimo vyake kwenye simu, simu ikaisha chaji mtaani Mkomani, tukarudi kupima upya.

Hatua ya 3: Ishi kama mkazi

Basi na nauli unavijua. Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Malindi, unapita Garsen na Witu, na barabara yako inakomea Mokowe. Kutoka hapo ni boti.

Usilale hoteli ya ufukweni. Huko maji yapo, jenereta ipo, na kuna mtu wa kukubebea begi. Utakuwa umeitazama hoteli, mji bado. Panga chumba kwa mtu, Langoni au mitaa ya nyuma, kwa siku zisizopungua 4.

Kama kazi yako iko ng'ambo, vuka kila asubuhi kwa saa ile utakayokuwa ukivuka, na urudi jioni. Boti ya kawaida huchukua kama nusu saa, ya kasi ni upesi zaidi. Mpwa wangu siku ya kwanza alivuka na viatu vya ofisi. Maji yalikuwa yakishuka, ngazi za gati zimebaki na utelezi wa kijani, akaketi chini pale pale na suruali yake nyeupe. Siku ya pili alivuka na ndara, viatu ndani ya mfuko. Siku ya tatu akaanza kuulizia vyumba bara, Mokowe na mji wa Hindi, na hilo pia si jambo la aibu.

Shela ni kilomita 3 hivi kutoka mjini. Ukitaka kukaa kule, tembea pwani saa kumi ya bamvua uone njia inavyomezwa na maji, halafu uulize boti za usiku.

Kuhusu lugha usiogope. Ukielekezwa "ndia" ni njia, na "kuya" ni kuja. Baada ya wiki utakuwa unasema mwenyewe.

Hatua ya 4: Maji ya nyumba

Ile nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na kisima uani. Agosti niliteka ndoo, nikanywa, maji baridi na matamu. Nikahamia Januari. Februari chai ikaanza kuwa na ladha nisiyoielewa, nikamlaumu muuza majani. Machi sabuni haikutoa povu tena. Maji ya mfereji yalikuwa yakija usiku, siku moja moja, na tangi halikuwepo. Nikawa nanunua mitungi inayoletwa kwa punda. Watu wanne tulitumia mitungi 8 ya lita 20 kwa siku, yaani lita 160, na kodi nilikuwa nimeshailipa.

Sababu yake ni rahisi. Chini ya kisiwa maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya chumvi. Mvua ikikosekana na watu wakiteka, yale ya juu hupungua na chumvi hupanda. Kisima kilicho karibu na bahari husikia hata bamvua. Ndiyo maana maji ya kutegemewa ya mji huu yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunyonya mvua na kuihifadhi, na ndiyo maana wazee huja juu mtu akitaka kujenga kule.

Basi fanya hivi. Nenda kwenye nyumba jioni ya bamvua, baada ya bahari kujaa. Teka mwenyewe, usikubali kuletewa maji kwenye jagi. Onja na uteme. Kisha chukua leso, ilowanishe, uisugue kwa sabuni ya mche. Maji mema hutoa povu mara moja. Maji ya chumvi huikata sabuni, ikabaki vipande vyeupe vinavyoelea kama maziwa yaliyoharibika. Rudi asubuhi maji yakiwa yamepwa, ufanye tena. Jioni yakikataa na asubuhi yakikubali, ujue kisima kinakwenda na bahari.

Niliwahi kununua kile kipimo cha chumvi kama kalamu. Hewa ya hapa ilikila betri kabla sijapima visima vitano. Sabuni haina betri.

Sasa, tahadhari. Maji yakitoa povu haina maana yanafaa kunywa. Nyumba za zamani zimebanana, na choo cha jirani kinaweza kuwa hatua chache kutoka kisimani kwako. Uliza choo kiko wapi, chako na cha jirani, na maji ya kunywa uyachemshe hata ukiambiwa babu zao waliyanywa. Kwa upande mwingine, maji yenye chumvi kidogo si sababu ya kuikataa nyumba nzuri, yatafaa kuoshea sakafu na kumwaga chooni, mradi mfereji upo na tangi lipo. Kwa hiyo tafuta tangi. Je, liko juu au chini? Linajazwa na pampu? Stima ikikatika usiku ule ule wa zamu ya maji, utapata nini? Kaa usiku mmoja wa zamu na saa mkononi, uhesabu maji yametoka kwa muda gani.

Na usimuulize mwenye nyumba. Muulize jirani, tena mwanamke anayepika. Mpwa wangu alibisha hodi kwa bibi mmoja, akamwamkia "Shikamoo, bibi," akauliza juu ya kisima. Bibi hakujibu neno. Aliingia jikoni akatoka na birika lake la chai, akalifunua: ndani kuna ukoko mweupe mnene kama ganda la yai. "Mwanangu," akasema, "kunde hapa haziivi mpaka uziombe radhi." Nyumba ile tuliiacha.

Hatua ya 5: Mengine ya nyumba

Ingia chumba cha ndani kabisa upige simu. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, na mtandao huishia barazani. Kama una mipango ya kuvunja ukuta au kubadilisha mlango katika mji wa kale, ujue mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na Makumbusho ya Taifa huulizwa kwanza.

Tembea kutoka mlangoni hadi hospitali ya King Fahd usiku, kwa miguu, uhesabu dakika. Gari halitakuja mlangoni kwako.

Hatua ya 6: Pima njia ya mizigo

Lori litaishia Mokowe. Vyombo vitaingia boti, vitatoka gatini, vitapanda mkokoteni au punda, halafu mabega ya hamali. Miye nilifika Mokowe saa nne asubuhi ya bamvua na friji. Maji yamepwa, boti iko chini kabisa ya gati, hakuna aliyetaka kuishusha. Nilikaa juani na friji yangu hadi saa tisa. Panga lori lifike wakati maji yanajaa, na hamali mpatane bei kabla hajagusa kitu.

Kwa tepu yako pima kichochoro mahali pembamba kuliko pote, kisha kona, kisha mlango, kisha ngazi. Ngazi hasa, kwa sababu zinapinda, na kitu kirefu hakipindi. Andika kipimo kidogo kuliko vyote, ukipeleke nyumbani ukipime na kila chombo. Kitanda changu cha futi sita kwa sita kilikatwa msumeno mlangoni, watoto wa mtaa wakitazama.

Mpwa wangu alipata nyumba ya ghorofani, mitaa ya nyuma, ina tangi na ngazi ya sentimita 68. Godoro lilikunjwa likapita. Kabati liko Malindi kwa dada yangu, anatunzia vyungu.