Kuweka ramani ya topo ya bure kwenye Garmin yako kabla hujapanda mlima

Ukinunua eTrex, ile GPS ya mkononi ya Garmin, ukaiwasha pale Morogoro mjini, utaona kimshale chako kimekaa katikati ya skrini ya rangi ya krimu, mstari wa barabara kuu unapita pembeni, jina la mji, basi. Uluguru yote imesimama mbele ya macho yako lakini kwenye skrini haipo. Hiyo ni ramani ya msingi inayokuja na mashine, imetengenezwa kuonyesha dunia nzima juu juu tu, haijui kijito wala kijiji wala njia ya kwenda Morningside. Wengi wanaishia hapo wanasema hizi GPS huku kwetu hazina maana, wengine wanaanza kuchangisha hela ya kununua ramani, wakati kuna ramani nzuri ya bure kabisa yenye kontua (ile mistari inayoonyesha urefu wa ardhi), mito, misitu, vijiji na vinjia vya miguu, na kuiweka ni kazi ya jioni moja ukijua pa kuanzia.

Kazi hii nimeifanya kwenye mashine nyingi, zangu na za watu ninaopanda nao, kwaiyo naandika vile ninavyofanya mwenyewe. Naongelea Garmin kwa sababu ndo zinazoshikwa na watu wengi huku, maporini na kwenye tafiti za misitu.

Anza kwa kuijua mashine yako. Fungua mfuniko wa nyuma, toa zile betri mbili za AA, angalia kama kuna sehemu ya kuchomeka memori kadi ndogo kama zile za simu. eTrex 20, 20x, 22x, 30, 30x na 32x zote zinayo, GPSMAP 62s na 64 pia. Kama una eTrex 10 usihangaike, ile haina sehemu ya kadi na skrini yake haina rangi, ni ya kuwekea pointi na traki (rekodi ya njia uliyopita) tu, na hapo inafanya kazi yake vizuri sana. Najua inauma kusikia hivyo kama umeshainunua, ila bora ujue sasa kuliko kumaliza bando kwanza.

Sasa ramani yenyewe. Karibu ramani zote za bure za Garmin zinatokana na OpenStreetMap, ile ramani iliyoanza Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha. Usidhani huku kwetu ni tupu. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo na watu wa mitaani wakawa wanazunguka kata kwa kata wanachora mifereji, njia na nyumba kwa ajili ya mambo ya mafuriko, na huko vijijini watu wa kujitolea wamechora barabara na makazi kwa kuangalia picha za setelaiti. Kuna maeneo vijijini ambako hii ramani inanionyesha vinjia ambavyo sijawahi kuviona kwenye ramani nyingine yoyote.

Ya kupandia mlima mi natumia ya OpenTopoMap, inapatikana garmin.opentopomap.org, unachagua bara, unachagua nchi, unakuta faili mbili, moja ya ramani yenyewe na nyingine ya kontua peke yake. Chukua zote mbili. Ukisahau ya kontua utapata njia na mito bila milima, na mtu wa mlimani hiyo haimsaidii. Ukitaka kaeneo kadogo tu, mfano Usambara peke yake, nenda extract.bbbike.org, unachora boksi juu ya eneo lako, unachagua aina ya Garmin, unaweka email yako, baada ya muda wanakutumia linki ya kushusha. Hiyo inaokoa bando kwelikweli, maana faili ya nchi nzima ni mamia ya MB, kwaiyo kama unatumia data ya simu subiri bando la usiku. Wapo pia Tracks4Africa, ramani yao ni ya kulipia na inafaa zaidi kwa wanaosafiri na gari, siwezi kuisema vibaya, ila kwa mtu wa kutembea kwa mguu ya bure inatosha.

Kitu kimoja kinasahaulika, ramani ya nchi inaishia mpakani. Ukizunguka Kilimanjaro upande wa Rongai, au uko Natron, au unapanda Elgon ambayo nusu iko Kenya nusu Uganda, shusha za nchi zote mbili, la sivyo utafika mahali dunia inakatika ghafla kama imekatwa na mkasi.

Memori kadi ya 8GB inatosha kabisa. Iwe imefomatiwa FAT32, sio exFAT, na usinunue ya bei ya kutupa barabarani. Niliwahi kuuziwa kadi imeandikwa 32GB, nikakopi ramani mbili bila shida yoyote, mashine ikaziona, nikaondoka nimeridhika. Kufika juu nikasogeza ramani upande wa mashariki nakuta pameachwa wazi, mapande ya mraba hayana kitu, mto unakuja unaishia hewani. Kadi ilikuwa feki, sehemu kubwa ya faili haikuwahi kuandikwa. Tangu siku hiyo nikikopi faili nairudisha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta, ikigoma njiani najua kadi ni mbovu.

Kuiweka ni hivi. Chomeka kadi kwenye kompyuta, tengeneza foda iite Garmin, iwe moja kwa moja kwenye kadi, isiwe ndani ya foda nyingine. Faili ulizoshusha kama ni zip zifungue kwanza, mashine haisomi zip, unachotafuta ndani ni faili inayoishia na .img. Kopi hizo .img ziingie ndani ya foda ya Garmin, toa kadi kwa utaratibu usiichomoe tu, irudishe kwenye mashine, washa. Unaweza pia kuchomeka mashine yenyewe kwa kebo ya USB ikatokea kama flashi, ila kwa faili kubwa ni taratibu mno, kwa kadi ni haraka zaidi.

Huna laptopu? Simu ya Android inayokubali memori kadi inafanya kazi hiyohiyo. Shusha faili kwa simu, ifungue na programu kama ZArchiver, tengeneza foda ya Garmin kwenye kadi, hamisha .img humo. Tahadhari ni moja tu, ukichomeka kadi simu ikakuuliza kama uifanye sehemu ya memori ya ndani, kataa, maana ukikubali itaifuta na kuifunga na Garmin haitaisoma tena.

Mashine za zamani kama GPSMAP 60CSx au eTrex Vista HCx zina masharti yake, zinakubali faili moja tu na lazima iitwe gmapsupp.img. Hapo ramani na kontua inabidi uziunganishe kwanza, kuna programu ya bure ya Windows inaitwa GMapTool, unaweka faili zote mbili unaziunganisha zinatoka moja. Alafu angalia sana jina, Windows huwa inaficha ile .img ya mwisho, wewe unaandika gmapsupp.img kumbe faili imekuwa gmapsupp.img.img na mashine inakaa kimya kama haijaona kitu. Nimeikuta hiyo kwa watu watatu tofauti, wote walikuwa wameshaamua mashine imekufa.

Mashine ikiwaka ingia Setup, kisha Map, tafuta sehemu inayoorodhesha ramani zilizomo, kwenye nyingine inaitwa Map Information nyingine Configure Maps. Hakikisha ramani yako na kontua zote zimewashwa, na kama kuna ramani nyingine ya eneo hilohilo izime, maana zikiwaka mbili moja inafunika nyingine na unaweza kudhani kontua hazimo kumbe zimezibwa. Hapohapo kuna Detail, iweke iongezeke hatua moja. Alafu rudi kwenye ramani uvute karibu, kontua hazionekani ukiwa mbali, mpaka ufike kwenye kipimo cha mita mia kadhaa ndo zinaanza kutokea. Watu wanaangalia wakiwa kwenye kilomita 5 wanasema haijakubali.

Na kwenye Routing weka mstari wa moja kwa moja ukiwa mlimani. Ukiiacha ya gari itakupangia safari ya kuzunguka kwa barabara ya lami kwenda kilele ambacho kiko kilomita mbili mbele yako.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Njia na kontua kwenye hii ramani hazina baba mmoja. Njia zimechorwa na watu. Kontua zimetoka kwenye vipimo vya rada vya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilichozunguka dunia kwa siku 11 mwezi wa pili mwaka 2000 kikipima urefu wa nchi kavu. Ni kazi kubwa sana na tunaifaidi bure, ila vipimo tunavyovipata viko takriban kila mita 30, na kwenye msitu mnene rada ile inarudishwa na majani ya juu zaidi kuliko udongo. Kwaiyo unapotoka kwenye mashamba unaingia msituni, kontua zinaweza kukuonyesha kama ngazi ambayo ni urefu wa miti tu. Na kinyume chake ndo hatari zaidi, korongo jembamba lenye kuta za kusimama linalainishwa, kwenye skrini unaona mteremko wa kawaida tu. Kule juu ya Uluguru, ukungu ukishuka unaona hatua nne mbele yako, mashine inasema kijito kiko mita 40 na mteremko ni wa kushukika, unasogea unasikia maji yako chini kabisa. Kontua zikikaribiana hata kidogo karibu na mto, mi nachukulia ni ukuta mpaka macho yangu yanihakikishie.

Kinjia nacho, aliyekichora kutoka kwenye picha ya setelaiti hajui kama mvua za mwaka jana zilikibeba. Waulize wenyeji wa hapo, mwambie mzee wa kijiji jina la kitongoji unachokiona kwenye skrini, atakwambia kama bado kuna njia. Ramani inakupa jina la kuuliza, na hiyo peke yake ni msaada mkubwa.

Kuna jambo lingine linawachanganya sana watu wa misitu na wanafunzi. Zile ramani za karatasi za 1:50,000, ambazo nyingi asili yake ni kazi ya Waingereza, zimepimwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, Kenya na Tanzania wote hivyohivyo. GPS yako na hizi ramani za bure zinatumia WGS84. Ukisoma koodineti kwenye karatasi ukaziingiza kwenye mashine bila kubadilisha, utakosea kwa takriban mita 300 kwenda kaskazini au kusini, na mita 300 mlimani ni bonde jingine kabisa. Dawa yake ni kuingia Setup, Position Format, unachagua UTM UPS, na kwenye Map Datum unachagua Arc 1960, unaingiza pointi zako zote za kwenye karatasi, ukimaliza unarudisha WGS84. Usisahau kurudisha, tafadhali, maana mwenzako akivunjika mguu ukawatumia waokoaji koodineti za Arc 1960 na wao wakaziweka kwenye simu, watamtafuta mahali ambapo hayupo.

Kabla ya safari ijaribu nyumbani. Simama mahali unapopajua, kwenye daraja au njia panda, angalia kimshale kimekaa wapi juu ya ramani, kikiwa ndani ya mita tano au kumi uko sawa. Sogeza ramani uipitie safari nzima kwa kidole kutoka mwanzo mpaka kileleni, ukikuta pande tupu ni wakati wa kukopi upya wakati bado una umeme. Betri beba za akiba nne, baridi ya juu inazimaliza haraka.

Ukiwa njiani washa kurekodi traki. Ukirudi, faili ya traki yako, inayoishia na .gpx, inakaa kwenye foda ya Garmin ndani ya mashine yenyewe, fungua akaunti OpenStreetMap uipandishe, alafu chora ile njia uliyopita ambayo haikuwepo kwenye ramani, na jina lake kama wenyeji wanavyoiita. Baada ya muda shusha toleo jipya la ramani, futa faili za zamani kwenye kadi kwanza ndo uweke mpya, washa mashine uvute karibu pale ulipopita, utaikuta.