Kura ikikaribia, steji yetu tunaipanga hivi

Mimi ni mwendesha boda hapa Nakuru, upande wa Kaptembwo, na wenzangu wamenipa ukatibu wa steji, pale tunapongojea abiria. Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, maana Katiba imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Lakini msimu wenyewe huanza mapema zaidi, siku ile mtu usiyemjua anaposhuka kwenye gari na kukuita kwa jina lako. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu mtu hawezi kuamua vizuri wakati noti imeshanyooshwa mbele yake na mkopo wa pikipiki wa siku hiyo bado hajaulipa. Kwa hiyo haya ninayoandika yafanyeni sasa, kukiwa kimya. Nawaandikia wenzangu wa boda, lakini hata mama wa mboga na fundi wa viatu wana lao humu.

Anza na mahali kura yako ilipo. Vijana wengi wa steji yetu walijiandikisha ocha, huko kwa wazazi, ilhali kazi, mke na watoto wako hapa. Ikifika wiki ya kura nauli imepanda na mfuko ni mtupu, halafu linakuja lori la mwanasiasa linabeba watu bure. Ukipanda lori hilo, safari nzima utaambiwa wa kumpigia, na kurudi huna uhakika. Dawa yake ni kwenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, na kitambulisho chako, uhamishe kura yako hadi kituo unachoweza kwenda kwa miguu. Usingoje, usajili hufungwa kabla ya uchaguzi. Ukishahamisha, hakikisha jina lako liko kwenye sajili ya kituo hicho. Na kitambulisho chenyewe kisitoke mkononi mwako. Wapo wanaopita wakinunua vitambulisho vya watu wanaodhani watampigia mpinzani, wavifungie mpaka kura ipite. Mtu aliyeuza kitambulisho hawezi kupiga kura, na kesho yake akiumwa, akitaka kusajili laini au kufungua akaunti, hana cha kuonyesha.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2022, wiki chache kabla ya tarehe 9 Agosti, kijana mmoja alishuka kwa probox akiwa na daftari. Akatusalimia vizuri, akasema mheshimiwa anajua vile mafuta yamepanda. Kila mmoja angepata 500. Lakini kwanza uandike jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kisha utie sahihi. Nilimwona mwenzetu mmoja, baba wa watoto wanne, akishika kalamu. Mkono ulitulia juu ya ile karatasi, hakuandika. Akaniuliza, "Katibu, hii namba ya kitambulisho ni ya nini?" Kijana akajibu kabla yangu: "Ni ya kumbukumbu tu, kiongozi."

Ile namba kazi yake ni kukufanya uamini kwamba ukiwa chumbani na karatasi ya kura kuna mtu atajua ulichofanya. Hakuna atakayejua. Katiba, kifungu cha 38, inakupa haki ya kupiga kura ya siri. Nilimwambia yule kijana, kama mheshimiwa ana kazi ya usafiri, atuambie ni kutoka wapi mpaka wapi, siku gani, watu wangapi, tutampa bei ile ile tunayompa kila mtu. Akaondoka kuuliza, akarudi, tukapeleka watu wake kwenye mkutano na kuwarudisha, tukalipwa kabla ya kuwasha pikipiki. Daftari halikuandikwa. Wenzetu wawili walimfuata pembeni wakachukua ile 500. Hatukuwafukuza steji. Tulikaa nao jioni tukaongea.

Nisikilize vizuri kwenye tofauti hiyo. Nauli ni haki yako, hata aliyepanda akiwa mgombea. Pesa ya kukufanya umchague au usimchague mtu ni hongo, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Adhabu ya kuhonga wapiga kura ni faini isiyozidi shilingi milioni mbili, au jela isiyozidi miaka sita, au vyote viwili. Kama ulishachukua, usiseme sasa lazima ulipe deni. Huna deni la kura. Na akikuambia umletee picha ya karatasi uliyotia alama ndipo akumalizie iliyobaki, kataa kabisa. Kupiga picha kura yako ni kuvunja siri ya kura, na utakayekamatwa ni wewe, yeye yuko nyumbani kwake.

Tulipomaliza mazungumzo ya jioni ile tuliandika masharti kwenye daftari letu la michango, ukurasa wa nyuma. Mnaweza kuyachukua. La kwanza ni hilo la safari: njia, bei, malipo mbele, hakuna namba ya kitambulisho. La pili linamhusu mwenyekiti na mimi katibu: hakuna mwenye ruhusa ya kuongea na mwanasiasa peke yake kwa niaba ya steji. Steji nyingi zimeuzwa hivyo. Mwenyekiti anapokea fungu lake usiku, asubuhi anatangaza "sisi sote tuko nyuma ya fulani", na wanachama wanasikia redioni. Mgombea akitaka kutuona, aje mchana, sote tukiwepo, na kila aliye na swali aulize. Sisi humuuliza mgombea wa MCA, yaani mwakilishi wa wadi, kuhusu taa za barabarani na kivuli cha steji, kwa sababu hayo yanatoka kaunti. Taa ya mtaani si kazi ya rais, na mgombea urais anayekuahidi hiyo ama hajui kazi anayoomba ama anakudanganya.

La tatu lilileta ubishi mrefu. Riflekta ya kazi haivaliwi ikiwa na picha ya mgombea, na bendera haifungwi kwenye pikipiki. Wengine walisema riflekta za bure ni nzuri, na kwa kweli kitambaa kilikuwa kizuri. Nikawaambia, mama anayetoka hospitali saa nne usiku akiona riflekta ya chama asichokipenda, atajiuliza kama atafika nyumbani. Ivae nyumbani ukipenda.

Simu ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu, na nitaeleza ilivyokuwa.

Agosti 2017, usiku wa pili baada ya kura, nilipokea ujumbe kwa WhatsApp kwamba kuna lori limeshusha watu wenye mapanga karibu na mtaa mmoja hapa Nakuru. Sikujua nani aliandika. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, mwisho wa Januari 2008. Familia yetu ililala kwenye hema pale Showground. Katika vurugu zile watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini na zaidi ya 600,000 wakahama makwao, na harufu ya moshi wa nyumba haijanitoka puani hadi leo. Kwa hiyo nilituma ule ujumbe kwa makundi matatu nikidhani naokoa watu. Mteja wangu mmoja, mama wa viazi, aliupata. Anaishi mtaa ule, na si kabila langu. Alimfunga mtoto mgongoni, akawashika wengine wawili mkono, wakatembea gizani mpaka karibu na kituo cha polisi wakakaa nje hadi asubuhi. Hakukuwa na lori. Yule mtoto wa mgongoni aliugua kifua. Mama yule hakunitukana. Alinyamaza, akaacha kunipigia simu kwa miezi mingi, na nilistahili hivyo.

Tangu hapo nafanya hivi. Ujumbe ukija, namuuliza aliyetuma: umeona kwa macho yako? Akisema "nimetumiwa", unaishia hapo kwangu. Kama unataja mahali, nampigia mtu aliye mahali hapo. Sisi wa boda tuna bahati, kila mtaa tuna mwenzetu, dakika mbili unajua ukweli. Kama hatari ni ya kweli, napiga simu polisi, namwambia chifu, na namwambia yule anayeweza kuumia. Kundi la watu 200 haliwezi kuzuia lori, linaweza tu kuogopa au kukasirika. Picha ya maiti au nyumba inayoungua siitumi kwa yeyote. Nyingine ni za miaka iliyopita, au za nchi nyingine kabisa.

Na maneno. Mwaka 2022 tume ya utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuchochea chuki, na "madoadoa" lilikuwamo. Mtu wa mbali anaweza kushangaa, ni neno la ng'ombe na nguo. Huku Bonde la Ufa, mtu akisema "tuondoe madoadoa", jirani mwenye kabila tofauti anaanza kufunga virago. Kwenye steji yetu, kuanzia kampeni zianze mpaka rais aapishwe, tunaongea Kiswahili tu. Lugha ya mama ni tamu na hatuikatazi nyumbani, lakini wawili wakinong'ona kwa lugha yao msimu huo, watatu waliobaki hufikiri wanasemwa. Sharti hili limetusaidia kuliko yote.

Siku ya kura vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo lazima apige. Utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Kila moja ina rangi yake na sanduku lenye kifuniko cha rangi hiyo. Tia alama moja tu, ndani ya kisanduku cha mmoja. Ukikosea kabla hujatumbukiza, usione aibu, mrudishie msimamizi akupe nyingine. Mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa zilikuwa 113,614, ilhali tofauti ya wa kwanza na wa pili ilikuwa 233,211. Pima mwenyewe.

Siku hiyo sisi huwabeba wazee, wagonjwa na wajawazito bure, kutoka kila nyumba, bila kuuliza wanampigia nani, na hawakai foleni. Lakini kuna jambo moja zito hapa. Asiyeweza kusoma au kuona vizuri anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini, na wewe unaruhusiwa kumsaidia mtu mmoja tu katika uchaguzi huo. Mwaka 2022 shosho mmoja, bibi mzee jirani yangu, aliniomba. Nikatia sahihi fomu ya kiapo cha kutunza siri, tukaingia. Kwa kiti kimoja alinitajia mtu ambaye mimi simpendi hata kidogo, mtu niliyewaambia wenzangu kwa miezi kwamba asipite. Macho ya shosho hayafiki kwenye karatasi. Kalamu iko kwangu. Hakuna karani aliyeona tumetia alama wapi.

Niliweka alama pale aliposema. Kisha nikamsomea jina taratibu sikioni, akaitikia kwa kichwa. Ukijua moyoni huwezi kufanya hivyo, usikubali kuingia na mtu. Mwambie amtafute mwingine, au msimamizi wa kituo amsaidie mbele ya mawakala wa wagombea.

Jioni, kura zikishahesabiwa, matokeo ya urais ya kituo huandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Rudi ukaisome. Ipige picha ikiwa nzima, na sahihi zionekane. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na tume iliziweka fomu hizo kwenye mtandao kila mtu aone, kwa hiyo nililinganisha ya kituo changu na ile ya mtandaoni, tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa sawa. Mwenye shaka apeleke karatasi mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais kwa hoja zilizoletwa mbele yake, na hakuna jiwe lililofanya kazi hiyo.

Zilizobaki ni siku za kungoja. Mwaka 2022 tulipiga tarehe 9, rais akatangazwa tarehe 15. Siku sita hizo weka unga na mafuta ya taa nyumbani, jaza tangi, lakini usifunge kazi. Kwetu ni marufuku kuwekeana dau juu ya matokeo, na matokeo yakitoka hakuna kupiga honi mbele ya nyumba za walioshindwa. Usiku huo huo wapigie simu wateja wako wa alfajiri, mmoja mmoja, hasa wale wa kabila lingine, uwaambie kesho utakuwepo.

Mama wa viazi alikuwa wa kwanza kwenye orodha yangu. Aliuliza kama barabara ya kwenda Soko la Wakulima iko sawa. Nikamwambia nimetoka kuipita. Akasema nije saa kumi, nibebe na kamba ya magunia.