Kabla hujachomeka waya: kadi ya sauti kama osiloskopu

Kadi ya sauti ya kompyuta hupima volti mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde na kuziandika, kazi ileile ya osiloskopu (kifaa cha kuchora umbo la wimbi la umeme) kwa kasi ndogo. Ila ilitengenezwa kwa ajili ya muziki, na karibu maandalizi yote yanatokana na hilo.

Kwanza jiulize unataka kuona nini. Kwa sampuli (vipimo) 48,000 kwa sekunde, mwisho wako ni hezi 24,000, na huko juu umbo la wimbi halisomeki tena. Mvumo wa hezi 100 unaobaki kwenye pawasaplai, amplifaya inayokata vilele, PWM (mapigo ya kuwasha na kuzima) ya hezi 490 kutoka bodi ya Arduino, hivyo vyote vimo. Kilohezi 38 za rimoti ya TV hazimo. Hata hivyo, ukipima mguu wa kutolea wa kile kipokezi cheusi cha rimoti utaona mapigo vizuri, kwa kuwa kilohezi 38 zimeshachujwa na kilichobaki ni mapigo ya nusu milisekunde hivi.

DC, yaani umeme usiobadilika kama wa betri, isahau. Ndani ya ingizo kuna kapasita inayoizuia, kwa hiyo ukigusisha betri ya volti 9 mstari utaruka mara moja kisha utarudi sifuri, hata kama betri ni nzima kabisa. Mita yako ya kawaida ibaki mezani kwa kazi hiyo.

Sasa jambo lenyewe, ambalo wengi huliruka: waya wa graundi, ule wa sifuri ambao volti nyingine hupimwa kutoka kwake. Graundi ya jeki ndiyo graundi ya kompyuta nzima. Kwenye kompyuta ya mezani imeungana na kasha, na kasha limeungana na athi (waya wa ardhini) ya soketi. Ukibana klipu ya graundi mahali penye volti kwenye saketi ambayo nayo ina athi, umepiga shoti kupitia kompyuta yako. Laptopu yenye chaja ya pini mbili haina athi, lakini ina kasoro nyingine: kapasita zilizomo kwenye chaja huiacha ikielea kwenye volti nyingi. Ndiyo ile hali ya kuwashwawashwa ukipitisha kidole kwenye chuma cha laptopu inayochajiwa. Mkondo wake ni mdogo, lakini IC (chipu) iliyo dhaifu inaweza kufa nao. Kwa hiyo chomoa chaja, fanya kazi kwa betri, na saketi unayoipima nayo iwe ya betri ukiweza. Umeme wa ukutani usiupime kwa njia hii hata siku moja, wala usiingize waya upande wa msingi wa pawasaplai ya TV, yaani ule unaopokea umeme wa ukutani, ambako kuna DC ya zaidi ya volti 300.

Kinga ya ingizo ni vitu vya bei ndogo. Rezista ya kiloomu 220 itangulie kwenye waya wa kupimia, kisha ya kiloomu 10 ishuke kwenda graundi, na sambamba nayo dayodi mbili za 1N4148 zilizogeuziana. Volti 12 zitafika kama nusu volti. Zikizidi, dayodi zitazishika. Ukiona vilele vinalala bapa karibu na hapo, shuku dayodi kabla ya kuilaumu amplifaya. Kabla ya jeki weka kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na chanya wala hasi, maana tundu la maiki hutoa volti zake kidogo za kulisha maiki, nazo zingezifungua dayodi.

Laptopu nyingi zina tundu moja tu la hedfoni na maiki, na plagi ya kawaida ya stereo huunganisha waya wa maiki na graundi. Binafsi ningenunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la maiki la peke yake. Kukitokea ajali, kuna nafasi nzuri iungue yenyewe kwanza, ingawa graundi yake bado ni ya kompyuta.

Kwa programu, Audacity inatosha kurekodi na kukuza wimbi. Kwenye Linux ipo xoscope. Zima kiongeza sauti cha maiki, kipunguza kelele na kila kinachorekebisha sauti chenyewe, la sivyo wimbi dogo na kubwa vitaonekana sawa.

Kisha pata kipimo, yaani ujue urefu wa wimbi kwenye skrini ni volti ngapi. Toa toni ya hezi 200 kwenye tundu la hedfoni, ipime kwa mita kwenye AC (umeme unaogeukageuka), zidisha kwa 1.41 upate kilele, halafu ingiza toni hiyohiyo kupitia kinga yako na uandike urefu unaouona. Hezi 200 kwa sababu mita nyingi za bei nafuu hudanganya masafa yakipanda. Baada ya hapo usiguse vidhibiti vya sauti.

Jaribio la mwisho liwe wimbi la mraba la hezi 1,000. Litakuja na vinundu kwenye pembe, na mgongo wake unaweza kuinama kidogo. Vinundu ni vya kichujio cha kadi na mwinamo ni wa kapasita. Saketi yako haihusiki.