Jinsi ya kuomba shahada ya uzamili ya uandishi wa kitaalamu Marekani

Kabla ya kujaza fomu yoyote, tazama pasipoti yako ni ya nchi gani. Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi vya viza, zikiwemo za wanafunzi, kwa raia wa Burundi, na Desemba mwaka huohuo Tanzania nayo ikaingizwa kwenye orodha. Masharti haya hubadilika ghafla, kwa hiyo pitia tovuti ya ubalozi wa Marekani kabla hujalipa hata senti. Aliyezuiwa bado ana njia: New York University hufundisha shahada hii kwa mtandao, na kuisoma ukiwa Mwanza au Gitega hakuhitaji viza.

Pili, hakikisha ni shahada hii unayoitaka. Watunzi wa riwaya na mashairi huenda MFA, shahada ya uzamili ya sanaa. Uandishi wa kitaalamu ni wa kazini: ripoti, maandiko ya kuombea fedha za miradi, miongozo ya watumiaji wa programu, maelezo ya dawa kwa wagonjwa, uhariri. Carnegie Mellon, kule Pittsburgh, huifundisha kwa mihula mitatu. Kennesaw State, jimbo la Georgia, wana mchanganyiko wa mikondo, na anayependa utunzi hupata mkondo wake humohumo. Usitegemee orodha za "vyuo bora" zinazozagaa mtandaoni. University of Southern California ilikuwa na shahada mashuhuri ya aina hii, ikafungwa. Nenda kwenye ukurasa wa idara yenyewe, uone kama kuna tarehe ya mwisho ya maombi ya mwaka huu. Kwa masomo yanayoanza Agosti, madirisha mengi hufungwa kati ya Desemba na Februari.

Matokeo ya chuo na Kiingereza ni shughuli ya kufuatilia tu, ila yaanze mapema. Omba transkripti, na uliza kama chuo unachoomba kinataka zitathminiwe na taasisi ya nje kama WES. Alama za mitihani ya Kiingereza ya TOEFL au IELTS hudumu miaka miwili. Kama ulisoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza, andikia ofisi ya udahili uombe msamaha wa mtihani. Wapo wanaokubali, na ada ya mtihani si ndogo.

Sasa kazi za mfano za uandishi wako. Hapa ndipo watu wengi wenye alama nzuri huangukia, kwa sababu hupeleka insha ya chuo iliyojaa nukuu. Wasomaji wa faili lako ni wahariri na walimu wa uandishi. Wanataka kuona ukimfikiria msomaji. Chukua, tuseme, katiba ya kikundi chenu cha VICOBA: "Mwanachama atakayeshindwa kurejesha mkopo ndani ya muda uliokubalika atawajibika kulipa faini kwa mujibu wa taratibu zilizowekwa." Wewe ukaiandika upya: "Ukichelewesha rejesho, utalipa faini ya shilingi 2,000 kila wiki mpaka umalize." Weka zote mbili, na chini yake aya fupi: wanakikundi ni akina nani, walikuwa wanakwama wapi, kwa nini ulitaja kiasi cha faini badala ya "taratibu". Aya hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za nadharia. Kazi ya Kiswahili usiione haya. Itafsiri, ambatisha na ya asili, na useme wazi kwamba tafsiri ni yako.

Maelezo ya nia, yaani insha ya kueleza kwa nini unaomba, yafuate mkondo huohuo. "Tangu utotoni nimependa kuandika" wameisoma mpaka wamechoka. Sema umewaandikia nani, ni tatizo gani la uandishi lililokushinda, na ni kozi zipi za idara hiyo zinazoligusa. Ukiweza kubadilisha jina la chuo bila kugusa sentensi nyingine, basi hayajawa tayari.

Barua za mapendekezo kwa kawaida ni tatu. Mmoja awe mtu aliyewahi kukuhariri, hata kama si profesa. Mfumo wa maombi humtumia kiungo kwa barua pepe, na wahadhiri wetu hupatikana kwa simu kuliko kwa barua pepe, kwa hiyo piga simu, mtumie wasifu wako na rasimu ya maelezo ya nia, kisha mkumbushe kwa adabu wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho.

Ada ya maombi hulipwa kwa kila chuo. Omba msamaha wa ada kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasilisha, maana ukishalipa hairudi. Uliza pia kuhusu nafasi za usaidizi wa kufundisha, ambazo huweza kufuta karo na kukupa posho. Pengine zina fomu yake na tarehe yake. Kwa maoni yangu, udahili usio na fedha ni nusu ya safari. Ukipewa ofa ya ufadhili na chuo kilichosaini makubaliano ya Council of Graduate Schools, muungano wa vyuo vya uzamili, una hadi 15 Aprili kujibu. Asikuharakishe mtu.

Ukishakubali, chuo kitadai taarifa ya benki au barua ya mfadhili inayotosheleza gharama za mwaka wa kwanza, ndipo kitoe fomu ya I-20, hati ya chuo unayoombea viza ya mwanafunzi. Majina yalingane na pasipoti herufi kwa herufi. Lipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), dola 350, jaza DS-160, fomu ya maombi ya viza, lipa ada ya viza, dola 185, kisha chukua miadi ya usaili. Jiandae kueleza kwa sentensi mbili unakwenda kusoma nini na nani analipa. Ukijibu "uandishi" tu, ofisa anaweza kudhani riwaya. Taja kazi: "Nitajifunza kuandika maelezo ya afya yanayoeleweka na wagonjwa, na chuo kinalipa karo."

Kwa viza ya F-1, ambayo ndiyo ya wanafunzi, huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20. Na fomu hiyo ikae kwenye mkoba wa mkononi, kwani ofisa wa uhamiaji ataitaka kabla hujafika kwenye sanduku lako.