Fildi ya sheria? Jaribu kesi za watoto

Wadogo zangu mnaosoma sheria hapa Dar, mkianza kuhangaikia nafasi za fildi msikimbilie kampuni kubwa za mawakili za Posta peke yake. Ombeni kwenye vituo vya msaada wa kisheria vinavyoshughulika na watoto. WLAC (Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake) na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) ni mahali pazuri pa kuanzia.

Msiende Mahakama ya Watoto Kisutu mkidhani mtaingia tu kusikiliza. Mashauri yake yanaendeshwa faraghani, kwa hiyo mnahitaji wakili wa kuwaombea ruhusa na barua ya chuo. Kabla ya hapo someni Sheria ya Mtoto ya 2009 pamoja na kanuni zake za mwendo wa mashauri za 2016. Kanuni hizo wengi huziruka, na kwa kweli kazi yenyewe imo humo.

Kazi kubwa hufanyika nje ya chumba cha mahakama. Mama anakuja kudai matunzo akiwa na kadi ya kliniki iliyochakaa, cheti cha kuzaliwa hana. Hapo ndipo unapojifunza kuthibitisha umri, kuandika maombi na kumfuata afisa ustawi wa jamii kwa ajili ya ripoti.

Mkikaa na mtoto, kaeni usawa wake. Muulize, "Ilikuwaje?" kisha nyamaza. Ukimuuliza, "Baba alikupiga, sivyo?" umeshamwekea maneno mdomoni, na ushahidi wake utatiliwa shaka. Jina lake lisifike hata kwenye grupu la WhatsApp la darasa.