Namna ya Kuanza Gemu za Simu za Mtindo wa Anime: Muziki, Mapenzi na Mavazi

Anayefungua gemu ya simu ya mtindo wa anime, yaani katuni za Kijapani, kwa mara ya kwanza hupokelewa na mambo mengi kwa mpigo: wimbo unapigwa, mhusika anamsemesha kwa jina alilojipa, kabati la nguo linafunguliwa, na duka linamwita kila anapobonyeza. Ni rahisi kuvutwa na duka kabla ya kuijua gemu yenyewe, na wengi hukata tamaa mapema kwa sababu wamemaliza zawadi zote za mwanzo kwa kitu wasichokihitaji. Msimamo wangu ni kwamba gemu hizi humnogea zaidi mtu aliyeamua mapema ni kipi anachokifuata kati ya muziki, mapenzi na mavazi, akavichukua vingine kama nyongeza.

Nitatumia gemu nne kuwa mifano. Kwa muziki nimechagua Project Sekai ya Sega na Colorful Palette, iliyotolewa Japani Septemba 2020, na toleo lake la kimataifa likafuata Desemba 2021 kwa jina la Hatsune Miku: Colorful Stage!. Kwa mapenzi nimechukua Mystic Messenger ya Korea Kusini, ya mwaka 2016, na Love and Deepspace ya China, ya Januari 2024. Kwa mavazi ipo Infinity Nikki ya Desemba 2024, iliyotoka katika kampuni ileile iliyotengeneza Love and Deepspace, yaani Papergames, ambayo nje ya China hujulikana kwa jina la Infold. Mizizi ya haya yote ni ya zamani kidogo: Angelique, gemu ya mapenzi iliyoandaliwa na kikosi cha wanawake katika kampuni ya Koei kwa ajili ya wachezaji wa kike, ilitoka Japani mwaka 1994, na PaRappa the Rapper, iliyowazoesha watu kubonyeza vitufe kwa kufuata mdundo, ilifuata mwaka 1996.

Kabla ya kupakua, angalia nafasi iliyobaki kwenye simu. Project Sekai inataka GB kadhaa, lakini Infinity Nikki na Love and Deepspace hupita GB 10 kwa urahisi, na ukubwa unaoonekana kwenye duka la programu kabla ya kupakua ni sehemu ndogo tu, kwa kuwa mafaili makubwa huja baada ya gemu kufunguliwa. Mwenye bando la kupima asubiri Wi-Fi. Chagua toleo kwa makini pia, maana akaunti ya toleo la Japani haihamii kwenye toleo la kimataifa, hata kama nyimbo na wahusika ni walewale. Ukishaingia, jambo la kwanza, kabla hata ya kupokea zawadi, ni kuunganisha akaunti na barua pepe au akaunti yako ya Google au Apple. Simu hupotea, huibiwa na huharibika, na anayecheza kama mgeni hupoteza kila kitu pamoja na simu yake.

Muziki unastahili maelezo marefu kuliko mengine, kwa sababu ndio sehemu pekee ambayo fedha haziwezi kukuchezea. Katika Project Sekai, alama hushuka kutoka juu ya skrini kuelekea mstari ulio chini, na kazi yako ni kuigusa kila alama wakati inapofika kwenye mstari huo. Alama ya kawaida hugongwa mara moja. Ya kijani hushikiliwa na kufuatwa kwa kidole hadi mwisho wake, hata inapopinda. Yenye mshale hutelezeshwa haraka kwa kidole. Za njano zina uzito mkubwa zaidi katika pointi. Kila mguso hupewa hukumu: Perfect, Great, Good, Bad au Miss, na mfululizo wako, yaani hesabu ya alama ulizozigusa vizuri bila kukosea, hukatika ukipata Good au chini ya hapo. Maana yake ni kwamba kugusa kila alama hakutoshi, bali inabidi uiguse kwa wakati wake.

Hapa ndipo mtu huanza kulaumu vidole vyake wakati kosa ni la simu. Vipokea sauti vya bluetooth huchelewesha sauti, na mara nyingi ucheleweshaji huo hupita sehemu ya kumi ya sekunde. Wimbo wenye mapigo 180 kwa dakika una pigo moja kila theluthi ya sekunde, na pigo hilo likigawanywa mara nne, kama inavyotokea katika nyimbo za kasi, kila mguso wa kidole hupewa takriban sehemu ya kumi na mbili ya sekunde. Sauti iliyochelewa kiasi hicho inakupeleka kwenye alama inayofuata. Kwa hiyo tumia vipokea sauti vya waya au spika ya simu yenyewe, kisha nenda kwenye mipangilio na urekebishe muda wa alama. Njia ninayoiamini ni hii: chagua wimbo mmoja rahisi unaoujua vizuri, uucheze kwa kiwango cha ugumu cha Normal, na mwishoni tazama hesabu ya Fast (uliwahi kugusa) na Late (ulichelewa). Kama makosa mengi yameegemea upande mmoja, sogeza mpangilio kidogo sana, ucheze tena wimbo uleule, na urudie mpaka pande zote mbili zikaribiane. Usibadilishe wimbo katikati ya kazi hii, kwa sababu utashindwa kujua kilichobadilika ni kipi.

Mpangilio wa pili wa muhimu ni kasi ya kushuka kwa alama, ambao wengi huuogopa bila sababu. Kuongeza kasi hakuubadilishi wimbo wala muda wa kugusa, ila kunazitenganisha alama zilizosongamana ili jicho lizione moja moja. Anayeanza huiacha chini akidhani anajirahisishia, halafu anajikuta ameletewa lundo la alama asizoweza kuzisoma. Iongeze hatua kwa hatua kila unapoona skrini imejaa, na uiache pale ambapo jicho linasoma bila haraka.

Kuhusu mikono, vidole gumba viwili vinatosha kwa Easy, Normal na Hard, na wapo wanaocheza navyo hata Expert na Master. Hata hivyo, ni vizuri ujaribu mapema kuilaza simu mezani, juu ya kitambaa ili isiteleze, na kutumia vidole vya shahada, kwa sababu mkono uliozoea namna moja hukaidi kubadilika baadaye. Usipande kiwango kwa sababu tu umeufikisha wimbo mwisho. Panda pale unapoweza kuumaliza bila kuukata mfululizo, na katika nyimbo kadhaa zenye midundo tofauti, maana wimbo mmoja unaweza kukaririwa na vidole bila masikio kujifunza chochote. Kumbuka pia kwamba nguvu za kuchezea, zinazorudi moja kila nusu saa hadi kufikia kumi, huongeza zawadi tu. Ukiziweka sifuri bado unaruhusiwa kucheza. Fanya mazoezi kwa sifuri, na uzitumie nguvu hizo kwenye nyimbo unazozimudu. Matukio ya toleo la Japani, yaani mashindano ya muda ya kukusanya pointi, hufungwa saa tatu usiku kwa saa za huko, ambayo ni saa tisa alasiri Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo anayepanga kumalizia pointi zake jioni akitoka kazini atakuta mlango umeshafungwa.

Kwenye mapenzi mambo ni ya utulivu zaidi, ingawa nidhamu yake ni ya aina nyingine. Mystic Messenger hukuweka ndani ya kundi la kuchati kwa siku 11, na vyumba vya mazungumzo hufunguka kwa saa halisi, vingine usiku wa manane. Ukikosa kuingia, mazungumzo hupita bila wewe, na ukikosa mengi mno, au ukijibu ovyo, hadithi huishia vibaya kabla ya wakati wake. Humo pia kuna barua pepe za wageni unaowaalika kwenye karamu, na idadi ya wanaokubali kuja huchangia namna hadithi inavyokwisha. Ushauri wangu ni kuianza katika juma ambalo ratiba yako inatabirika, na kumchagua mhusika mmoja tangu siku za mwanzo na kumjibu kwa kuzingatia tabia yake. Anayemsifia kila mtu humaliza bila kupendwa na yeyote.

Love and Deepspace haikuadhibu namna hiyo. Hadithi kuu husomwa bila kulipia, na ukaribu na mhusika huongezeka kwa mambo ya kila siku: kucheza karata naye, kunasa midoli kwenye mashine, kupiga picha pamoja. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kukaa na mhusika wakati unasoma au unafanya kazi zako, yeye akiendelea na zake kimyakimya pembeni na saa ikihesabu. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anaweza kuipata faida yake bila kutumia hata almasi moja, yaani sarafu ya ndani ya gemu. Kikwazo ni mapigano, kwa kuwa sura mpya za hadithi hufunguka baada ya kushinda vita, na vita hutegemea kadi zinazoitwa Memories. Kikosi huwa na kadi sita, mbili za Jua na nne za Mwezi, na kila kadi ina rangi yake kati ya rangi sita. Kabla ya kuanza pambano, tazama rangi zinazotakiwa, kwa sababu kadi ya daraja la chini yenye rangi sahihi mara nyingi husaidia kuivunja ngao ya adui kuliko kadi ya kifahari isiyooana nayo. Kuza kadi chache hadi mbali kabla ya kugusa nyingine.

Hakuna hata moja kati ya gemu hizi iliyo na maandishi ya Kiswahili, na mapenzi ya kwenye gemu yamo ndani ya maneno. Zima usomaji wa kujiendesha, soma kwa mwendo wako, na tumia kitufe cha kurudia mazungumzo yaliyopita pale sentensi inapokuponyoka.

Mavazi katika Infinity Nikki yana kazi mbili ambazo mgeni huzichanganya. Baadhi ya nguo ni za uwezo: moja hukuwezesha kuelea angani, nyingine kuvua samaki, nyingine kunasa wadudu au kuwachana wanyama manyoya. Hizi hutengenezwa kwa michoro na malighafi unazookota ukitembea, na ndizo za kushughulikia kwanza, kwa kuwa zinaufungua ulimwengu wote wa gemu. Nyingine ni za mashindano ya mitindo, ambapo mpinzani anakutaka uvae kwa sifa mojawapo kati ya tano: umaridadi, ubichi, utamu, mvuto wa kimahaba au ukakamavu. Hapa macho hudanganya, kwa sababu vazi linalopendeza kuliko yote laweza kukosa kabisa alama za sifa inayodaiwa. Tengeneza vazi moja kamili kwa kila sifa kutokana na ulivyonavyo, kuanzia nywele, gauni na soksi hadi viatu na hereni, kisha boresha vipande hivyo tu. Ukikwama kwa pointi chache, kagua vitu vidogo kabla ya kulilaumu gauni, kwa kuwa mara nyingi mkufu au kofia iliyosahaulika ndiyo inayopunguza hesabu.

Sasa duka. Gemu zote hizi isipokuwa Mystic Messenger huuza bahati nasibu inayoitwa gacha, na hesabu yake ifanywe kwa kalamu kabla ya kubonyeza. Katika Project Sekai, kadi ya nyota nne hutoka kwa asilimia 3 ya mivuto ya kawaida, mvuto mmoja ukiwa ni kuichezesha bahati nasibu mara moja. Ukivuta mara kumi, uwezekano wa kutoka bila hata moja ni karibu asilimia 74, yaani watu takriban watatu kati ya wanne huambulia patupu. Katika Infinity Nikki, kipande cha nyota tano kina uhakika ndani ya mivuto 20, lakini vazi kamili huweza kuwa na vipande kumi, na hivyo anayelitaka lote ajiandae kwa mivuto hadi 200. Kwa almasi 120 kwa kila mvuto, hiyo ni almasi 24,000. Mwenye almasi 5,000 anayeanza kuvuta atabaki na kiatu na bangili za vazi asilolimiliki. Asubiri, akusanye, na aruke mavazi mawili au matatu ili apate moja zima.

Viwango hivi vya uwezekano huandikwa ndani ya gemu, na Apple imedai vitangazwe tangu Desemba 2017. Visome kila tukio jipya linapoanza, kwa kuwa masharti hubadilika. Simu inayotumiwa na watoto iwekewe nywila kwa kila ununuzi. Hilo halina mjadala.

Ujue pia kwamba gemu hizi hutegemea seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoziendesha, na seva huzimwa. Gemu ya muziki ya Love Live! School Idol Festival ilifungwa Machi 31, 2023 baada ya takriban miaka kumi, na toleo la kimataifa la gemu iliyoirithi lilifunguliwa Februari 2024 likiwa tayari limetangaza kufungwa Mei 31 mwaka huohuo. Tangazo la namna hiyo likitoka, acha kununua chochote siku hiyohiyo, tumia almasi zote zilizobaki, soma kama kampuni inarudisha fedha za almasi zilizolipiwa na mwisho wa kuomba ni lini, kisha rekodi skrini ya hadithi na nyimbo unazozithamini wakati bado zinafunguka.